Bei mbili kwenye ubao mmoja: mgahawa wa bukari katika komini ya Kenya, Lubumbashi

Kwa mtu anayetaka kula vizuri bukari, yaani ugali, mchana katika Kenya, komini (sehemu ya utawala) ya jiji la Lubumbashi, bila kutozwa bei ya mgeni, mgahawa ninaouandikia hapa ni chaguo la kwanza. Uko mitaa michache kutoka sokoni, una meza saba chini ya paa la bati, hauna jina ukutani, na wenyeji wanauita kwa Mama tu, kama zinavyoitwa nyumba nyingi za chakula jijini Lubumbashi. Chakula chake nitakieleza pamoja na kasoro zake, lakini kinachoutofautisha na jirani zake ni ubao mweusi uliotundikwa kando ya mlango wa jikoni. Upande wa kushoto zimeandikwa bei za vitu vinavyofuata dola. Upande wa kulia, bei za vitu vinavyofuata unga na makala, yaani mkaa. Na juu kabisa, kwenye kona, kiwango cha dola cha asubuhi hiyo. Mteja anayeusoma kwa makini kwa muda wa miezi kadhaa huelewa mwendo wa uchumi wa Kongo kuliko anayesikiliza hotuba, kwa sababu ubao huo hautii katika kapu moja mambo yenye sababu tofauti.

Upande wa kushoto unatawaliwa na Thomson, yule samaki wa kugandishwa anayevuliwa katika bahari ya Namibia na kuletwa kwa malori kupitia Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, kilomita zipatazo 90 kutoka hapa. Mfanyabiashara humwagiza kwa dola, na depo humuuza kwa katoni kwa faranga zilizopigiwa hesabu kwa kiwango cha dola cha siku ile. Mafuta ya kupikia, nyanya za kopo, mchele na sukari hupita katika hesabu hiyohiyo. Barabara inayotuingizia samaki huyo ndiyo inayotoa shaba yetu kwenda bandari za Durban, Dar es Salaam na Walvis Bay, na mtu akisimama Kasumbalesa ataona foleni mbili zikipishana, moja ikiwa na vibamba vya shaba na nyingine ikiwa na chakula. Nchi inayouza madini kwa wingi namna hiyo na kununua kitoweo cha mchana kutoka nje haina budi kuona sahani yake ikipanda na kushuka pamoja na dola.

Hapo ndipo mwaka 2025 ulipokuwa na maana ya pekee. Faranga ya Kongo, ambayo ilipoanza mwaka 1998 dola moja ilikuwa haifiki faranga 2, ilikuwa imedhoofika hadi karibu faranga 2,900 kwa dola. Kisha, kati ya Septemba na Oktoba, Benki Kuu ikiwa chini ya gavana mpya André Wameso iliuza dola sokoni na kubana mabenki, na kabla ya Oktoba kwisha dola ilikuwa imeshuka chini ya faranga 2,500. Mwezi huohuo benki hiyo ilipunguza riba yake kutoka asilimia 25, ilipokuwa tangu Agosti 2023, hadi 17.5. Kambisti, wabadilisha fedha wa barabarani, ambao kwa kawaida hukaa wametulia na mafungu yao ya noti juu ya kimeza, walikuwa wakibadilisha bei mara kadhaa kwa siku, na wengine walikataa kununua dola kwa kuogopa kwamba ifikapo jioni zitakuwa zimewalia mtaji.

Migahawa mingi ya mtaa huu ilijifanya haikusikia habari hiyo. Bei zilizopandishwa haraka dola ilipopanda zilibaki palepale dola iliposhuka. Mgahawa huu ulichukua njia yake: sahani ya bukari, Thomson na lengalenga (mchicha), iliyokuwa faranga 7,000 katikati ya mwaka, ikaandikwa faranga 6,000, na kilichopunguzwa kilikuwa upande wa kushoto peke yake. Bukari na mboga havikuguswa. Mteja mmoja, ambaye kwa maneno yake mwenyewe alionekana kuwa mwalimu, hakuridhika, akauliza mbele ya watu wote: "Mama, dola imeanguka, mbona bukari haianguki nayo?" Mama alimjibu bila kuacha kusonga: "Papa, unga sikuuziwa kwa dola. Na makala je? Kamuulize mwenye baiskeli kama anaijua dola." Watu walicheka, na mwalimu akala, lakini swali lake lilikuwa la haki na linastahili kujibiwa kwa urefu kidogo kuliko lilivyojibiwa jikoni.

Tupige hesabu kwanza. Mtu aliyekuwa na dola 10 katikati ya mwaka 2025 alipata kiasi cha faranga 28,500, yaani sahani nne za samaki. Mwishoni mwa mwaka, kwa kiwango cha karibu 2,300, dola zilezile zilimpa faranga 23,000, yaani sahani tatu na faranga 5,000 za akiba, hata baada ya bei kupunguzwa. Mfanyakazi wa kampuni ya madini anayelipwa kwa dola amepoteza. Mwalimu au askari anayelipwa na serikali kwa faranga amepata nafuu, lakini nafuu ya faranga 1,000 katika 7,000, wakati faranga yenyewe iliimarika kwa kiwango kikubwa zaidi. Tofauti hiyo imebaki njiani: kwa mwagizaji aliyedai kwamba shehena yake aliinunua kwa kiwango cha zamani, kwa mwenye depo aliyeogopa dola isije ikaruka tena, na kiasi fulani, lazima niseme, imebaki hapahapa mgahawani. Mama analipa kodi ya nyumba kwa dola, kama wapangaji wengi wa biashara mjini humu, na kodi hiyo ikigeuzwa kuwa faranga imekuwa nyepesi kwake. Angeweza kushuka hadi faranga 5,500 bila kuumia. Namsifu kwa kuwa wa kwanza kushusha, ila sitasema kwamba alishusha vya kutosha.

Woga wa wafanyabiashara nao una historia yake, na si haki kuuita ulafi mtupu. Mwaka 1994 mfumuko wa bei katika nchi hii, wakati huo ikiitwa Zaire, ulifika karibu asilimia 9,800, na tangu miaka ile watu wamejifunza kuhesabu kwa dola hata wanapolipa kwa faranga. Hadi leo takriban tisa ya kumi ya amana zilizo katika mabenki yetu ni za dola. Mfumuko wa bei umepungua sana, kutoka zaidi ya asilimia 20 mwaka 2023 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 2025, na hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini mfumuko ukipungua maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi, wala si kwamba zinarudi zilikotoka. Wateja wengi waliotangaziwa nafuu redioni walikuja mezani wakitarajia bei za miaka mitano iliyopita.

Sasa upande wa kulia, ambao ndio moyo wa mgahawa huu. Bukari ya hapa ni ya unga mweupe wa mahindi uliosagwa vizuri, hupikwa katika sufuria kubwa juu ya mbabula mbili, yaani majiko ya makaa, na msichana anayeisonga hushika mwiko kwa mikono miwili huku akiikanyagia sufuria kwa fimbo maalumu isizunguke. Ikifika mezani inafuka moshi, imekaza bila kuwa ngumu, na ukiibonyeza kwa kidole gumba inabonyea na kubaki na alama bila kunata. Tonge lake linabeba mchuzi. Mtu aliyezoea bukari ya haraka ya vituo vya mabasi, iliyo mbichi katikati, ataona tofauti kwa tonge la kwanza.

Ila haikuwa hivyo wakati wote. Mwaka 2024, ukame ulipoikumba Zambia na serikali ya huko ikatangaza janga la taifa mwezi wa Februari, mavuno yao ya mahindi yalishuka hadi takriban nusu ya mwaka uliotangulia, na unga ukaadimika huku kwetu Katanga kwa kuwa sehemu kubwa ya mahindi tunayokula hutoka ng'ambo ile ya mpaka. Migahawa ikaanza kuchanganya unga wa muhogo. Hakuna ubaya katika muhogo, na wako wanaoupenda mchanganyiko huo, lakini bukari yake huwa nzito, ya rangi ya kijivu, na inanata vidoleni; ubaya uko katika kumuuzia mtu mchanganyiko kwa bei ya mahindi matupu. Mama wa mgahawa huu aliandika neno "mchanganyiko" kwa chaki ubaoni, akapunguza bei kidogo, na akaendelea hivyo hadi mavuno makubwa ya Zambia ya mwaka 2025 yaliporudisha unga deponi. Ndipo nilipojua kwamba ubao ule haukuwekwa kwa ajili ya pambo.

Wazee wanaokula hapa hawakosi kukumbusha kwamba jiji hili halikuwa likinunua unga kwa hofu. Union Minière, kampuni ya shaba ya enzi za Wabelgiji, na baada yake Gécamines iliyozaliwa na utaifishaji wa mwaka 1967, iliwapa wafanyakazi posho ya unga kila mwezi, pamoja na nyumba, shule na hospitali, na mfanyakazi aliita kazi baba na mama. Gécamines ilipokuwa katika kilele chake katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baadhi ya wake zao ndio waliofungua migahawa kama huu kwa fedha ndogo iliyosalia. Tangu hapo kumekuwa na majaribio ya kuurudisha unga karibu: gavana wa zamani wa Katanga, Moïse Katumbi, aliyataka makampuni ya madini yalime hekta 500 kila moja, na katika miaka ya karibuni Huduma ya Taifa, taasisi ya serikali, imeleta mahindi kutoka mashamba ya Kaniama-Kasese. Mahindi hayo yamesaidia wakati wa shida, lakini wingi wa malori yanayovuka Kasumbalesa unaonyesha bado tunategemea nani.

Kinachonishangaza mimi ni uhusiano wa hayo yote na shaba yenyewe. Kongo sasa inazalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba kwa mwaka, mara sita ya Gécamines ya enzi za fahari, na imeipita Peru ikawa ya pili duniani baada ya Chile. Uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 8 mwaka 2023 na kwa takriban asilimia 6 mwaka uliofuata, kasi ambayo nchi nyingi zingeionea wivu. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikamilisha na serikali programu ya miaka mitatu mwaka 2024, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla, kisha likakubali nyingine mwanzoni mwa 2025. Na bado Benki ya Dunia ilikadiria kwamba karibu watu watatu kati ya wanne, asilimia 73.5, waliishi mwaka 2024 kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Kiasi hicho, hata kikigeuzwa kwa kiwango cha soko cha mwisho wa 2025, ingawa Benki hiyo hukipima kwa uwezo wa kununua, hakifiki faranga 5,000. Hakitoshi sahani moja ya samaki mahali hapa, ambapo si mahali ghali. Kinatosha bukari na lengalenga tu, faranga 3,500, na mabaki ya nauli.

Madini yanazalishwa kwa mashine kubwa na watu wachache, na faida yake kwa walio wengi inapita katika kodi na mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, ikiwa itapita. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 ilipandisha mrabaha wa shaba kutoka asilimia 2 hadi 3.5 na wa kobalti hadi 10, ikaagiza nusu iende serikali kuu, robo mkoani, asilimia 15 kwa maeneo yenye migodi na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa maandishi ni mgawanyo mzuri. Lakini serikali hiyohiyo ina vita mashariki: Goma ilitekwa mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, mapato ya miji hiyo yakapotea, na matumizi ya jeshi yakapanda. Mwezi huohuo wa Februari serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango vya mgao. Bei ya kobalti iliinuka kweli. Hata hivyo Mama anasema madereva wa malori, waliokuwa wakija wengi kula jioni kabla ya safari, walipungua mwaka ule.

Kima cha chini cha mshahara kinafaa kupimwa hapa pia. Tangu 2018 kilikuwa faranga 7,075 kwa siku, na hadi 2025 kiasi hicho kilikuwa kimekuwa sawa na sahani moja ya samaki kwa bei ya mgahawa huu, na faranga 75 juu. Amri ya mwaka 2025 ilikipandisha hadi 14,500, na faranga ilipoimarika nyongeza hiyo ikawa na uzito zaidi. Kwa aliyeajiriwa kwa mkataba ni habari njema. Wengi wanaokula hapa hawana mkataba: wanabeba mizigo sokoni, wanauza vocha za simu, wanasukuma mikokoteni, na kima chao kinawekwa na yule anayewaita asubuhi.

Kuhusu makala, yaliyotajwa na Mama kwa hasira kidogo, bei yake haijawahi kushuka katika ubao ule, na sababu iko nje ya jiji. Miti ya miombo iliyolizunguka Lubumbashi imekatwa, kila mwaka wachomaji wanakwenda mbali zaidi, na gunia linalofika kwa baiskeli limebeba jasho la kilomita nyingi. Mgahawa una waya wa umeme, lakini unautumia kwa taa na friji ya kugandishia tu, na siku umeme unapokosekana kwa saa nyingi Thomson hupikwa wote kabla ya saa sita kuliko kuharibika. Njia ya umeme iliyojengwa kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700 na kukamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, ililetwa kwa ajili ya migodi, na hadi leo migodi ndiyo inayokula sehemu kubwa. Jiko la mkaa katika mji wa shaba, mahali nyaya zenyewe za shaba zinapoanzia, ni kichekesho ambacho sisi wenyeji tumeacha kukicheka.

Huduma ni nzuri, ila haina haraka. Msichana anayepokea fedha huipindua noti ya dola kwenye mwanga, hupitisha ukucha ukingoni kote, na akikuta tundu la ukubwa wa kichwa cha sindano huirudisha kwa adabu: "Samahani, Papa, hii haitapokelewa." Dakika hiyohiyo atakupa chenji ya faranga iliyobandikwa gundi katikati na kupoteza rangi kabisa, nawe huna pa kuikataa. Wanapokea malipo ya simu pia, kwa faranga na kwa dola, lakini gharama ya kutuma wanakuachia wewe bila kuiandika ubaoni, na kwa nyumba inayojivunia kuandika kila kitu hilo ni doa.

Madoa mengine ni haya. Maji ya kunawa mikono huletwa katika beseni moja ambalo halibadilishwi mara kwa mara inavyopaswa, na mtu anayejali afya yake aombe amiminiwe kwa jagi, hawakatai. Choo ni cha ua mzima, kinatunzwa na kila mtu, yaani hakitunzwi na yeyote. Lengalenga huwa na chumvi nyingi siku za Jumatatu, sijui kwa nini. Pilipili yao, kwa upande mwingine, imepondwa na vitunguu saumu na ndimu kidogo, haichomi kwa sifa, na munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, wanaouza kwa kikombe ni baridi, haujachachuka kupita kiasi.

Anayetaka kwenda afike kabla ya saa sita na nusu, kwa kuwa vipande vya katikati vya Thomson huisha mapema na baada ya hapo hubaki vichwa, ambavyo bei yake ni ileile. Aende na faranga ndogo ndogo, noti za 500 na 1,000, kwa sababu noti ya 20,000 humsimamisha msichana akitafuta chenji kwa jirani wakati bukari inapoa. Jumamosi kuna sombe, yaani majani ya muhogo, iliyopikwa na mawese, faranga 4,000 pamoja na bukari, na hiyo iko upande wa kulia wa ubao. Jumapili hawafungui.